Kituo Hakiuzwi — Sehemu ya Tisa: Sahihi ya Tuija

Jina lililokuwa chini ya ile karatasi lilikuwa jina la mwanawe.

Tuija Kettunen. Msimamizi wa kituo.

Raili alilisoma. Akalisoma tena. Herufi hazikubadilika. Ile T yenye mkia mrefu alimfundisha yeye mwenyewe, mezani jikoni, binti akiwa na miaka mitano na penseli ndefu kuliko mkono wake.

Mliokuwa nasi tangu mwanzo, nivumilieni kidogo nimshike mkono aliyefika leo. Port Ellery, mji wetu huu wa kando ya ziwa Superior, una kituo kimoja cha kulea watoto, na kituo hicho ni mali ya mji. Kampuni ya Kiota cha Jua inakitaka. Raili, aliyewapikia watoto wa kituo kwa miaka ishirini na saba, na Odile Gervais, mlezi wa watoto wachanga na rafiki yake wa chanda na pete, walipita nyumba kwa nyumba msimu mzima wa baridi wakiomba watu wakatae. Alhamisi hii, saa nane mchana, madiwani saba wamekaa kupiga kura.

Asubuhi yake, mtu asiyejulikana alipenyeza bahasha chini ya mlango wa jiko. Ndani mlikuwa na ripoti ya siri kutoka Marlow, mji wa jirani, ambako kampuni ilishachukua kituo cha umma miaka mitatu iliyopita. Mtoto mmoja, jina limefutwa kwa wino mweusi, alisahauliwa nje kwenye theluji dakika thelathini na tano, mlango umefungwa. Pembeni, kwa mwandiko mwingine: wazazi waambiwe dakika nane.

Raili aliusoma ukurasa wa kwanza tu, sufuria ikiwa motoni. Hakumwonyesha Odile kabisa. Alimwambia, "Wewe njoo ukae mbele. Leo tunawamaliza."

Sasa amesimama mbele ya kipaza sauti, amefunua ukurasa wa pili, na macho hayatoki kwenye lile jina.

"Bi Kettunen," Meya Stannard alisema. "Una dakika tano. Moja imeshakwenda."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Akina baba wa kiwanda cha karatasi kilichofungwa, watoto mapajani, mabango ya KITUO HAKIUZWI yameandikwa kwa rangi za watoto wenyewe. Kiti cha mbele kabisa, Odile alikuwa anampungia mkono kwa chini chini: soma, soma!

Raili akainua macho. Safu ya tatu, upande wa kampuni, kando ya Bwana Garrick, mjumbe wa makao makuu mwenye tai ya njano, alikaa Tuija. Suti ya kijivu, nywele zimebanwa. Miaka mitatu mama na binti hawakuwa wamesemeshana, tangu siku Tuija alipokubali kazi ya Marlow na mama yake akamwambia, "Basi usinijue."

Tuija alikuwa anamtazama. Hakupepesa.

Chini ya sahihi palikuwa na tarehe. Kumi na nne Januari. Na tarehe hiyo ikampiga Raili kuliko jina.

Akaikunja karatasi. Mara mbili, mara tatu, mpaka ikaenea kiganjani.

"Mheshimiwa Meya," alisema. "Mimi ni mpishi. Nilitaka kusema tu kwamba watoto wetu wanakula vizuri. Supu tunaipika sisi, mkate tunauoka sisi. Basi. Ahsanteni."

Akashuka.

Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ndiyo imekwisha hiyo?" Bwana Garrick akamwinamia jirani yake, akasema kwa namna ya kusikika, "Supu imepoa."

Walicheka watu wanne. Walitosha.

Odile alimdaka mkono kabla hajakaa. "Umefanya nini, we mwanamke?"

"Si hapa, Odile."

"Si hapa? Wapi basi, kaburini? Umeniambia leo tunawamaliza! Iko wapi hiyo karatasi?"

"Hakuna kitu."

"Raili, nitazame. Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

Meya akagonga meza. Mapumziko dakika kumi na tano. Kisha atasema msemaji wa kampuni, kisha kura.

*

Raili alimkuta Tuija kwenye chumba cha makoti. Au tuseme Tuija ndiye aliyekuwa anamsubiri, katikati ya makoti mia mbili yanayochuruzika maji, na ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukusoma?"

Raili alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Mama, kwa nini hukusoma?"

"Jina lako limo humu ndani, Tuija!"

"Najua limo. Nililiandika mimi. Na bahasha nimeileta mimi, alfajiri, barabara barafu tupu kutoka Marlow mpaka mlangoni kwako."

Raili akatafuta benchi, akakaa juu ya buti za watu.

"Ungenipigia simu," alisema.

"Ungepokea?"

Wote wawili walilijua jibu. Krismasi tatu simu ya nyumba ile ililia, na Krismasi tatu Raili aliisikiliza mpaka ikachoka.

"Walezi wawili waliumwa siku ile," Tuija alisema. Aliongea haraka, kama mtu aliyekariri kwa majuma. "Nikapiga simu makao makuu, naomba watu. Wakaniambia unganisha vyumba. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Unganisha vyumba, Tuija, kila kituo kinafanya hivyo. Watoto ishirini na sita, Mama, watu wazima wawili. Tukawatoa uani, tukawarudisha. Nilihesabu vichwa mlangoni nikapata ishirini na sita. Kuna mmoja nilimhesabu mara mbili. Mlango niliufunga mimi. Kwa mkono huu."

"Inatosha."

"Haitoshi. Alikuwa nyuma ya kibanda cha vijigari vya kutelezea thelujini. Glavu moja imedondoka, anaitafuta. Nilipompata nikamtia ndani ya sweta, hapa, kifuani. Hakuwa analia. Ndicho kilichonitisha. Angekuwa analia ningejua la kufanya."

"Halafu ukaandika."

"Niliandika ukweli, na ukweli nikaupeleka makao makuu. Garrick akaja na maneno mengine ya kuwaambia wazazi. Nikayashika yale maneno, nikasimama korido ya hospitali, nikamwambia Luc Gervais kwamba binti yake alivua glavu mwenyewe. Dakika nane tu. Watoto wana mambo. Akanishukuru, Mama. Akanishika mkono akanishukuru."

Luc Gervais ni mtoto pekee wa Odile. Anaishi Marlow. Binti yake, Noémie, ana miaka minne, na mwezi uliopita madaktari walimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Najua ni Noémie," Raili alisema. "Nimeona tarehe. Ni siku aliyoumia."

Tuija akamtazama.

Na mimi niwaambie alichokuwa anakifikiria Raili pale kwenye benchi la buti, maana bila hilo hamtaelewa uzito wake. Zile glavu alizifuma Odile. Sufu nyekundu, kamba ya kuning'inia shingoni alisahau kuitia. Tangu Januari hajashika sindano ya kufumia. Kila wiki, saa ya usingizi wa watoto, alikuwa anaingia jikoni kwa Raili, anaegemea jokofu, anasema maneno yale yale: "Nilizifanya pana mno. Ningezibana kidogo tu, zisingetoka. Nilizifanya pana mno." Na Raili humpa kikombe cha kahawa na kumwambia, hapana, dada, hapana. Hayo Raili akamwambia Tuija kwa maneno machache.

"Unajua," Tuija alisema taratibu, "na umenyamaza?"

"Wewe ni mwanangu."

"Nilikuletea ile karatasi kwa sababu wewe huogopi mtu! Mji mzima unajua Raili Kettunen haogopi mtu. Nikasema, mimi nimeshindwa, Mama ataweza. Mara ya kwanza tangu nizaliwe nakuomba uwe mkali, unanionea huruma."

"Watakunyang'anya leseni. Watakupeleka mahakamani, Tuija. Kampuni itajitoa kwenye kesi na utabaki wewe."

"Pengine."

Mlango ukagongwa. Tai ya njano ikatangulia, kisha uso. "Tuija, zamu yetu." Bwana Garrick alimwona Raili, akatabasamu kwa adabu. "Samahani kwa kuingilia mambo ya familia. Sentensi tatu tu, kama tulivyofanya mazoezi. Wazazi wanafurahi, walezi wanafurahi, watoto wanafurahi. Sawa?"

"Nakuja," Tuija alisema.

Na hapo, msomaji, mwanamke aliyekanyaga theluji miezi minne kuwaomba watu waseme ukweli, alimshika mwanawe mkono wa suti kwa mikono yake yote miwili.

"Usiende. Nakuomba. Sema hizo sentensi tatu. Kituo kiende."

"Mama."

"Kiende! Nitapika kwingine. Usiende."

"Mama, niachie mkono."

Raili hakuachia. Tuija akavua koti la suti, akaliacha mikononi mwa mama yake, akaingia ukumbini na shati.

*

"Naitwa Tuija Kettunen. Nimesimamia kituo cha Kiota cha Jua, Marlow, kwa miaka mitatu. Nimeletwa hapa kuwaambia kwamba kila mtu anafurahi."

Garrick akaitikia kwa kichwa.

"Sikuja kusema hivyo."

Hakusema mengi. Alisema walezi wawili, watoto ishirini na sita. Alisema simu tatu. Alisema kwamba kila mwezi alikuwa anapewa karatasi ya kumwonyesha kituo chake kimewaletea wenye hisa kiasi gani, na kwamba njia ya kupandisha ile tarakimu ilikuwa moja tu, nayo ni kupunguza mikono inayoshika watoto. Akasema baridi ilikuwaje siku ile. Akasema dakika ngapi.

"Mheshimiwa Meya!" Garrick alikuwa wima. "Hizi ni taarifa za siri za kampuni. Mfanyakazi huyu hana ruhusa—"

"Jina lake liko kwenye orodha yangu, Bwana Garrick, na mliliandika ninyi. Kaa chini."

Diwani Pickersgill, mzee aliyefundisha nusu ya mji huu kucheza magongo kwenye barafu, na ambaye kila mtu alijua ameshaiahidi kampuni kura yake, akaegemea mbele. "Binti, mtoto huyo alikuwaje? Alipona?"

"Alikatwa vidole. Ncha mbili."

Sauti ikapita ukumbini, kama watu wote wamevuta pumzi kwa pamoja.

"Wazazi wake wanajua?"

"Hawajui. Tuliwadanganya. Mimi niliwadanganya, mdomo ni wangu." Tuija aligeuka. Aliacha kipaza sauti, lakini kwa kimya kile ukumbini hakikuhitajika kipaza sauti. Alimtazama mwanamke aliyekaa kiti cha mbele, aliyemwogesha utotoni, aliyemsuka nywele siku ya kwanza ya shule. "Mama mdogo," alisema. "Glavu hazikuwa pana."

Odile hakupiga kelele. Wengi walidhani atapiga kelele.

Alikaa vile vile, bango mapajani. Midomo ikatembea kidogo, kama mtu anayejumlisha. Kisha akainuka, akaliegemeza bango kwenye kiti, akaliweka vizuri lisianguke. Akapita katikati ya watu. Walimpisha. Alipofika mlangoni alikutana na Raili, amesimama na koti la kijivu mikononi.

Odile alilitazama koti. Akamtazama Raili. Akatoka.

Kura zilipigwa saa tisa na robo. Nne kwa tatu. Pickersgill aliinua mkono wa mwisho, akasema, "Hakiuzwi." Watu waliruka, walilia, walibeba watoto juu. Mpiga picha wa gazeti alizunguka ukumbi mzima akiwatafuta wale wanawake wawili walioanzisha yote hayo, awapige picha wamekumbatiana.

Mmoja alikuwa barabarani ameshaondoka. Wa pili alikuwa amesimama kwenye maegesho, matope ya theluji mpaka vifundoni, mahali gari la mwenzake lilipokuwa.

*

Ijumaa.

Tuija alifukuzwa kazi pale pale kwenye ngazi za ukumbi. Garrick alimtaka funguo, akamwambia wanasheria watamwandikia. Hakuwa na pa kwenda ila kwa mama yake. Walikula samaki na viazi bila kutazamana. Hakuna aliyeomba msamaha. Asubuhi Raili alipovaa buti, Tuija naye akavaa zake.

"Unakwenda wapi?"

"Sitaki kubaki na hii saa ya ukutani peke yangu. Nipe kazi."

Akampa karoti.

Kituoni kulikuwa na keki, na puto, na akina mama wanaoingia jikoni kumkumbatia Raili. Alikumbatiwa kama gogo. Chumba cha wachanga kilikuwa kinalia. Miaka ishirini na saba Odile hakuwahi kukosa siku, hata alipofiwa na mumewe alikuja mchana. Leo hakuja, na watoto tisa walimkataa mlezi wa zamu wote kwa mpigo. Wanajua mikono inayowashika.

"Ningekwenda kwake?" Tuija aliuliza.

"Menya karoti."

"Nitakwenda mwenyewe. Nitapiga magoti."

"Odile si mtu wa kupigiwa magoti. Menya karoti."

Saa saba mchana watoto walilala. Jengo likatulia. Ndipo gari liliposikika nyuma, upande wa jiko, na Tuija akalitambua kabla ya mama yake. Lilikuwa gari la Luc. Akaingia stoo ya unga, akarudisha mlango.

Odile alisimama kwenye kizingiti cha nje. Hakuwa amelala, hilo halikuhitaji kuulizwa.

"Hongera," alisema. "Nasikia tumeshinda."

"Ingia, dada. Upepo huo."

"Siingii. Nina swali moja tu, na unijibu kama unavyojibu kanisani. Jana ulipoikunja ile karatasi, ulikuwa unajua ni Noémie?"

Uongo ulikuwa tayari, msomaji. Ulikuwa mdogo na mwepesi. Nani angeukanusha? Jina lilifutwa kwa wino. Mtu mmoja tu duniani aliyejua ukweli alikuwa amejificha stoo, na huyo asingesema.

"Nilijua," Raili alisema.

Odile akaitikia kwa kichwa, polepole. "Nilikuuliza. Nilikushika mkono nikakuuliza, ukaniambia hakuna kitu. Ukaniambia mara mbili."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa hii ningekuja hapa, ningeegemea jokofu lako, ningesema tena habari za zile glavu. Ungenipa kahawa?"

Raili aligeukia jokofu.

"Ungenipa kahawa," Odile alisema. "Mwaka ujao pia. Mpaka nife, ungenipa kahawa."

"Alikuwa mwanangu, Odile. Nilimwona pale amekaa, nikaona jina. Sikufikiri."

"Ulifikiri. Nilikuwa nakutazama. Ulitazama karatasi, ukamtazama yeye, ukanitazama mimi. Tuija alikosea hesabu, Raili. Watoto ishirini na sita, nani asingekosea? Wewe tulikuwa wawili tu mbele yako, mimi na mwanao, na ulihesabu sawasawa."

Raili alishika ukingo wa meza. Maji ya supu yalikuwa yanachemka na kumwagika juu ya jiko, yakifukiza, na hakuna aliyekwenda kuzima.

"Niambie nifanye nini," alisema.

"Sikuja kwa ajili yako." Sauti ya Odile ilibadilika, ikawa ya mtu anayelazimishwa kumeza dawa. "Luc yuko garini na mtoto. Jana nilimweleza yote. Alipiga kelele nyumba nzima, Tuija hivi, Tuija vile, nitamfunga, nitamfanya. Na kila akilitaja jina, Noémie anakuja mbio. 'Yuko wapi? Mwalimu Tuija yuko wapi?' Tangu walipomtoa kituo cha Marlow anamuulizia. Tulidhani atamsahau. Leo hajala asubuhi, hajala mchana. Anasema Mwalimu amepotea na sisi hatumtafuti."

"Ee Mungu."

"Luc amesema hapana. Mimi nimesema hapana. Mtoto wa miaka minne anajua nini habari za hapana? Anachokumbuka yeye ni kwamba alikuwa na baridi, Tuija akaja akamtia ndani ya sweta." Odile alifuta uso kwa kiganja, kwa hasira. "Watu wamesema wamewaona mnakuja pamoja asubuhi. Yuko hapa?"

Macho ya Raili ndiyo yaliyojibu. Yalikwenda kwenye mlango wa stoo yakarudi.

Na kutoka ndani, kwa sauti ndogo ambayo haikukusudiwa kumfikia mtu zaidi ya mmoja:

"Mama. Mwambie sipo."

Odile alisikia.

Uso wake ulifanya kitu ambacho Raili, katika miaka yote ile, hakuwahi kukiona. Haukukasirika. Ulivunjika tu, upande mmoja kwanza.

Kabla hajasema neno, mlango wa gari ulipigwa nje. Sauti ya Luc ikaita, "Noémie! Rudi hapa! Noémie!" Buti ndogo zikapiga madimbwi, chap chap chap, zikapanda ngazi. Kichwa chenye kofia ya buluu kikapenya chini ya mkono wa Odile, na bibi akamdaka kwa ukosi wa koti pale pale kizingitini. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe, mnene kama kibuyu.

"Bibi, yumo?"

Mlango wa stoo ulifunguka wenyewe kidogo, kwa upepo ule ule wa nje. Tuija alikuwa amekaa sakafuni kati ya magunia ya unga, magoti kifuani, karoti iliyomenywa nusu bado mkononi.

Noémie akacheka kwa sauti. Hakushangaa kumkuta huko. Wakubwa hucheza mchezo wa kujificha kila siku.

"Nimekuona!" alisema. Kisha, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa na habari za kumpa siku nyingi: "Mwalimu Tuija, theluji imeyeyuka. Kuna matope. Twende nje?"

Tuija alianza kuinuka, akakwama. Alimtazama Odile. Raili naye alimtazama Odile. Nyuma, uani, Luc alikuwa ameshashuka garini na anakuja, ngumi zimekunjwa.

Odile alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja umeshika ukosi wa mtoto, mwingine umeshika fremu, na hakusogea.